Kabla Hujaufunga Mwanya wa Tochi Yako

Tochi ya betri ya kuchaji, hii iliyowaondoa wavuvi kwenye karabai, si kitu kigumu kuelewa. Bomba la alumini, betri moja ndani, swichi mkiani, taa kichwani. Basi. Ndiyo maana ikianza kusumbua, mwenyewe haoni haja ya fundi: anatafuta tupa na msasa, anakaa barazani. Na kinachomsumbua karibu kila mara ni kile kile. Kifuniko cha nyuma hakifiki mwisho, kunabaki mwanya wa unene wa ukucha kati yake na bomba. Au kichwa hakiketi sawa na maji ya chumvi yamepata njia. Au swichi imetokeza nje, ukiisimamisha tochi mezani inaanguka.

Huo mwanya waweza kuuondoa mwenyewe nyumbani, kwa vifaa vinavyopatikana Malindi, Watamu au Kilifi mjini. Ila nakuomba usishike tupa mpaka ujue mwanya wenyewe una kazi gani. Mwingine ni uzembe wa kiwandani, au uchafu, au betri isiyo saizi yake. Mwingine umewekwa makusudi, na ndio unaotenganisha chanya na hasi. Seremala anayeijua pwani huacha nafasi chini ya mlango kwa sababu mbao itavimba masika yakiingia. Asiyejua akaziba ile nafasi kwa kibao, mwezi wa Mei mlango haufunguki. Kwa tochi hasara ni kubwa kuliko mlango kukwama.

Ninayoyasema yanawahusu pia wenye yale mabomba ya kuvutia mvuke, yasiyo na saketi yoyote ndani, ambayo siku hizi huonekana hapa mikononi mwa vijana. Mengine huletwa na jamaa waliotoka Ghuba au Ulaya, mengine huachwa na watalii. Ni tochi ile ile iliyobadilishwa kichwa: penye taa pamewekwa waya wa kupasha moto. Betri ni ile ile, na mtego ni ule ule, tena ukiwa mkali zaidi. Nitayafikia.

Tuanze na betri, maana nusu ya mianya yote hutokana nayo. Betri hizi huandikwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kwenye karatasi, yaani. Ile iliyo bapa juu, kama zile zinazotolewa ndani ya betri za laptop zilizokufa, kweli ina 65. Yenye kichwa kilichochomoza hufika 66 au 67. Na ile iliyowekewa kisahani cha ulinzi chini yake, kinachokata umeme mambo yakiharibika, hufika 69 hata 70. Zote zina jina moja dukani, na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Sasa chukua bomba lililotengenezewa 65 ulitie betri ya 70: ni dhahiri kifuniko hakitafika.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Toa betri, kisha funga kifuniko kikiwa kitupu. Kikifika mwisho na kuketi bila mwanya, bomba lako ni zima na kosa ni la betri. Weka tupa chini, nenda na rula dukani. Kisipofika hata bila betri, kosa liko kwenye hesi au kwenye mpira wa duara unaozuia maji. Dakika moja ya jaribio hili huokoa tochi nyingi, maana watu hukata chuma kizima ili kimtii betri mgeni, na wakipata betri ya saizi yake baadaye, inacheza ndani kama njugu.

Ukikuta betri ni ndefu kwa sababu ya kile kisahani cha ulinzi, usikibandue. Najua hufanywa. Kuna mkanda mwembamba wa chuma unaopanda ubavuni mwa betri kuunganisha kisahani na upande wa chanya, umefichwa chini ya ngozi ya plastiki. Anayeibandua kwa kisu huacha mkanda huo wazi, na mkanda ulio wazi ndani ya bomba la chuma ni shoti inayongoja siku yake. Nunua isiyo na kisahani, kama tochi yenyewe ina saketi ya kuzima betri ikishuka. Kama haina, tafuta tochi ndefu zaidi.

Tatizo la kinyume ni betri fupi. Hapo kifuniko kinafunga vizuri ila taa haiwaki, au inawaka na kuzima ukitembea. Dawa ya mtaani ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, msumari uliokatwa, au sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika. Karatasi inaungua. Msumari unahama. Sumaku ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inashika vizuri siku ya kwanza mpaka ukaiamini. Tochi ikianguka mwambani inateleza pembeni, na pale juu ya betri, ukingo wa hasi uko milimita chache tu kutoka kitovu cha chanya, umetenganishwa na kaduara ka karatasi. Springi ndefu zaidi, au tone la risasi ya kulehemu kwenye kitovu cha shaba ndani ya kichwa cha tochi, humaliza kazi. Tone liwekwe kwenye tochi. Kwenye betri, kamwe: joto la pasi ya kulehemu linatosha kuharibu utando ulio ndani.

Na ukiwa dukani, usishangilie namba zilizoandikwa ubavuni. Betri ya saizi hii ikiandikwa 9900 ni ya uongo, haina mjadala. Nzuri za viwanda vinavyojulikana hucheza kati ya 2500 na 3600. Uzito husema kweli kuliko maandishi. Nzima huwa na gramu 45 hivi. Ikiwa mizani ya sonara inasoma 30, ndani kuna betri ndogo iliyozungushiwa kitu kingine ili ijae.

Sasa hesi. Anayetumia tochi kwenye miamba ya Mayungu au Watamu usiku wa bamvua, maji yakitoka mbali, anajua namna chumvi inavyoingia kila mahali. Na wanaokaa upande wa Gongoni na Ngomeni, palipo mashamba ya chumvi, hawahitaji hata kuikaribia bahari. Alumini haifanyi kutu nyekundu. Hufanya unga mweupe, mgumu, unaojaa kwenye mifereji ya hesi mpaka kifuniko kikwame robo mzunguko kabla ya mwisho wake. Mtu huona mwanya, hudhani chuma ni kirefu, kumbe ni unga.

Loweka kifuniko, ukishatoa swichi yake, katika maji baridi kwa saa moja hivi. Sugua hesi kwa mswaki wa zamani. Unga ukigoma, paka maji ya limau, hesabu dakika mbili tatu, kisha suuza sana, kwa sababu limau likimaliza unga huanza kula chuma chenyewe. Kausha kwa kitambaa, si kwa jua kali la mabati. Halafu tazama ule mpira wa duara. Ukiwa umevimba au umepasuka, ndio uliokuwa ukisukuma kifuniko nyuma. Maduka ya vipuri vya pikipiki yanayo ya kila unene. Peleka wa zamani mkononi ulinganishe, maana mpira mnene kwa nywele moja tu unarudisha mwanya ule ule. Upake mafuta ya silikoni ukiyapata, hasa kwa wanaouza vifaa vya kupigia mbizi. Mafuta ya mgando huvimbisha aina fulani za mpira. Ya nazi, pamoja na heshima zake zote, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kusi mwezi wa Julai hushuka, ukajikuta unapigana na kifuniko gizani.

Kama umepita yote hayo na mwanya bado upo, ndipo tuzungumze kukata chuma.

Kata bomba, usikate kifuniko. Ukingo wa bomba ni duara bapa linaloweza kupimwa. Ndani ya kifuniko kuna ngazi na vikato ambavyo ukiviharibu hutavirudisha. Toa kila kitu: swichi, kioo, saketi, mpira. Bomba libaki tupu kama kipande cha bomba la maji. Tafuta kioo bapa, hata cha dirisha lililovunjika, ukilaze mezani, weka juu yake msasa wa maji namba 400, uulowanishe. Paka ukingo wa bomba wino wa kalamu nzito. Kisha simamisha bomba wima juu ya msasa na ulisogeze kwa mwendo wa namba nane, bila kulikandamiza, ukiligeuza kidogo kila baada ya mizunguko michache ili mkono wako usile upande mmoja. Wino utakuonyesha: ukitoka pande zote kwa pamoja, unakata sawa, ukitoka upande mmoja, unalaza bomba. Tupa ya mkono haiwezi kazi hii. Itakupa ukingo wenye mawimbi, na kifuniko kitaketi kwenye vilele vya mawimbi tu.

Pima kila baada ya muda mfupi. Nusu milimita ni nyingi. Ikikaribia, hamia msasa 800, kisha osha bomba ndani na nje kwa maji ya sabuni, lipulize, lifute, liangalie kwa mwanga. Unga wa alumini unapitisha umeme vizuri, na chembe moja iliyobaki kwenye saketi inaweza kuunganisha visivyotakiwa kuunganishwa.

Ipo hatari moja hapa ambayo hata mafundi wazuri huisahau. Rangi nyeusi au ya kijivu ya tochi ya alumini mara nyingi haijapakwa. Ni gamba la alumini yenyewe lililokuzwa kiwandani kwa umeme na asidi, na gamba hilo halipitishi umeme. Watengenezaji hulitumia kwa akili. Kwenye tochi nyingi ndogo zinazowaka kwa kukaza kichwa, hesi zimeachiwa gamba na ukingo wa bomba umeachwa mtupu. Ukilegeza kichwa robo mzunguko, ukingo unaachana na saketi, umeme hauna njia nyingine kwa kuwa hesi zimefunikwa, taa inazima. Ule mwanya mwembamba unaouona wakati imezimwa ndiyo swichi yenyewe! Sasa anakuja mtu na msasa, anausafisha ukingo, anasafisha na hesi ziteleze vizuri. Tochi inapendeza. Haizimi tena, labda utoe betri. Inawaka ndani ya mfuko mpaka betri inashuka chini ya volti 2.5, na betri ya namna hii ikishushwa hivyo kisha ikachajiwa haiaminiki.

Basi kabla ya msasa jiulize: tochi hii inazimwaje? Ikiwa ni kwa kukaza na kulegeza, usiziguse hesi zake kwa kitu kikali kuliko mswaki, na mwanya wa kichwa uuache. Ikiwa ina kitufe mkiani, mambo ni tofauti: hapo ukingo wa nyuma unatakiwa uwe mtupu na safi kwa sababu ndio njia ya hasi, na kuusugua kutakuongezea mwanga.

Kuhusu swichi iliyotokeza, kwa kweli sioni sababu ya kuikata. Wengi hupunguza kile kipira, au huchimba kitufe kiingie ndani, ili tochi isimame wima mezani na kumulika dari umeme ukikatika. Kipira kikishakatwa, maji yameingia. Ongeza ukingo badala ya kupunguza swichi: kata pete ya milimita tano sita kutoka bomba la plastiki la mafundi wa maji, iwe inayobana kidogo kwenye mkia wa tochi, itumbukize kwenye maji yanayokaribia kuchemka mpaka ilegee, isukume mahali pake, iache ipoe. Sawazisha kwa msasa juu ya kile kioo. Tochi itasimama, na swichi imekingwa isijibonyeze yenyewe ndani ya kikapu cha nyavu.

Nimeahidi kuyafikia mabomba ya mvuke. Sitajifanya napenda kazi yake. Nikotini inashika, na aliyekuwa havuti asianze kwa sababu bomba linang'aa. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, na fundi naye angeikumbuka mtoto wa shule anapomletea kifaa. Lakini mtu mzima anayelo, na anayekusudia kulichonga nyumbani, ni heri ajue anachokichonga.

Tochi ina saketi inayogawa umeme. Bomba la mvuke la aina hii halina chochote. Ukibonyeza, betri inamwaga yote iliyo nayo kwenye waya, na kinachoizuia ni ukinzani wa waya peke yake. Hesabu ni ya shule: betri iliyojaa ina volti 4.2, waya wa omu 0.2 utavuta ampea 21, wa omu 0.15 utavuta 28. Betri ya laptop haikuundwa kutoa kiasi hicho, na hata zile nzuri zilizoundwa kwa kazi nzito nyingi huishia kati ya 20 na 30. Yaani hata kifaa kikiwa kizima, mtu anafanya kazi ukingoni.

Sasa kwa nini kuna mwanya kati ya kichwa na bomba? Kwenye mabomba mengi, msumari wa katikati wa kichwa unagusa chanya ya betri moja kwa moja, bila kitu kati yao. Msumari huo hutakiwa kutokeza mbele ya hesi inayouzunguka, kwa sababu hesi ni hasi. Betri inaguswa na msumari, hesi inabaki juu hewani. Tofauti hiyo, milimita moja hivi, ndiyo ulinzi wote uliopo. Mwenye kifaa haioni. Anachoona ni mwanya wa nje unaomuudhi macho. Anapiga tupa msumari ili kichwa kishuke kiketi sawasawa na bomba. Kichwa kinaketi, hakuna mwanya, kifaa kinapendeza kama kipande kimoja. Na ndani, hesi imefika juu ya betri. Shoti hiyo haingoji kitufe. Inaanza papo hapo unapokaza, na bomba liko mkononi mwako au karibu na uso.

Si vitisho. Mwezi wa Mei 2018, mjini St. Petersburg, Florida, bomba la namna hii lililipuka na kumuua mwenyewe. Januari 2019 mwingine alikufa Fort Worth, Texas, chuma kilipomkata mshipa wa shingo. Betri ikipata shoti, gesi inajaa kwa kasi. Bomba lililofungwa pande zote linageuka bunduki. Ndiyo maana mabomba haya huwa na vitundu vidogo ubavuni au chini. Nimeona watu wakivijaza gundi ya chuma na kuvilainisha ili bomba liwe laini mkononi. Ni kuziba njia pekee ambayo moto ungetokea bila kuchukua kidole.

Anayetaka kichwa chake kiketi bila mwanya aufunike mwanya kutoka nje. Mkerezaji mwenye mashine anaweza kukukerezea pete nyembamba ya shaba yenye kipenyo cha bomba, inayokaa pale penye pengo na kulificha, bila kukiinua kichwa hata kidogo. Ikikiinua, msumari hautagusa na kifaa hakitawaka, hapo upunguze pete. Msumari usiguswe. Ujaribu hivi: simamisha kile kichwa, hesi ikiwa chini, juu ya kile kioo ulichosagia. Kinatakiwa kiyumbe, kwa kuwa kimesimama juu ya msumari. Kikisimama imara kama kikombe, kimesimama juu ya hesi, na kichwa hicho hakifai kwenye bomba hilo.

Kitufe cha chini nacho ni kama cha tochi: watu wanataka kiingie ndani ili bomba lisimame. Pete ya plastiki hapa haifai, itaziba vitundu vya hewa. Kuchonga kitufe hupunguza safari yake, na springi iliyochoka au sumaku dhaifu haitakirudisha. Kama bomba haliwezi kusimama, lilaze. Na likiwa mfukoni, kaza ile pete ya kufungia kitufe, au, bora zaidi, toa betri.

Turudi kwenye tochi, na kipimo cha mwisho kabla ya kurudisha betri. Mita ya fundi wa redio, hata ile ya bei ndogo kabisa, inatosha. Iweke kwenye alama ya mlio. Shika ncha moja kwenye springi ya kifuniko, nyingine kwenye ukingo wake: ikizimwa iwe kimya, ikiwashwa ilie. Ikilia muda wote, swichi yako imekufa au kuna unga wa chuma ndani. Kisha ncha moja kwenye kitovu cha kichwa, nyingine kwenye ganda la kichwa. Mlio mkavu hapo ni shoti, usitie betri. Angalia pia ngozi ya plastiki ya betri yenyewe, hasa pale juu kwenye bega. Ikiwa imechanika hata kidogo, ibadilishe. Mafundi wa simu wanazo ngozi nyembamba zinazobana kwa joto, na kazi yake ni ya dakika chache. Ganda lote la betri, pamoja na bega hilo, ni hasi. Wengi hudhani hasi iko chini tu.

Ukishatia betri, usiiwashe kwanza. Iache imezimwa juu ya sakafu ya saruji, nje, mbali na makuti, kisha baada ya dakika kadhaa iguse. Ikiwa ya moto wakati imezimwa, na bado inashikika, toa betri mara moja. Ikiwa haishikiki au inatoa mlio wa kufukuta, ondoka, waondoe na watoto, na moshi wake usiuvute. Mwagia maji mengi ukiwa mbali. Ikipita hapo, iwashe na uishike kwa muda. Kichwa kupata joto ni kawaida ya tochi kali. Mkia kupata joto si kawaida: maana yake umeme unapita kwa shida mahali fulani, mara nyingi kwenye ule ukingo ulioukata usiolingana.

Ukisharudi kutoka baharini, suuza tochi kwa maji baridi ikiwa imefungwa, ndipo uifungue. Watu hufungua kwanza ili wakaushe ndani, na chumvi iliyokuwa kwenye hesi inaingia. Kama uliongeza pete au washa ya shaba kwenye bomba la alumini, ujue metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Ifungue kila wiki, hata kama hujaitumia, la sivyo baada ya kusi moja hutaifungua bila jiliwa. Usiiache kwenye kioo cha mbele cha tuktuk mchana. Na ukisafiri kwa ndege kutoka Malindi au Mombasa, betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kila moja imefunikwa ncha zake; kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.

Betri iliyochoka, iliyovimba au iliyoiva ngozi, bandika gundi ya karatasi pande zote mbili kabla ya kuiweka popote. Usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa nyuma ya nyumba, na usimpe mtoto achezee kama kigari. Iweke kwenye kopo la mchanga mkavu, nje ya nyumba, mpaka umpate fundi wa simu anayezikusanya kupeleka kwa wanaochakata taka za umeme. Mwulize anapeleka wapi. Akikujibu kwamba huziuza tena kwa wenye tochi, kopo lako la mchanga lisubiri kidogo.